Punje ya Rubaya Ndani ya Wingu

Jioni moja tulikaa uani, mimi na wapwa zangu. Viazi vilikuwa vinaiva majivuni. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka mgongoni mwa vilima vya Masisi, kama desturi yao msimu wa mvua. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kurudi.

Mpwa wangu mdogo, yule asiyechoka kuuliza, akatazama juu. Akatazama tena. Kisha akasema:

"Jomba, kijana wa kabine ya simu ameniambia picha za simu yake ziko kwenye wingu. Mvua ikinyesha, hazitalowa?"

Ndugu zake wakacheka. Mimi sikucheka. Hilo ni swali zuri, mwanangu. Mtu akikuambia kitu chake kiko mahali fulani, muulize mahali hapo pakoje. Sogea karibu. Chukua kiazi. Nitakueleza.

Kwanza ujue hili: wingu hilo halina mvua. Wala haliko juu. Wingu hilo ni nyumba.

"Nyumba?"

Nyumba. Ina kuta, ina paa, ina mlango. Na mlango una ufunguo. Wenyewe huiita kituo cha data. Data ni habari zilizoandikwa kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuzisoma: picha zako, majina ya watu, hesabu za pesa, alama za mtihani. Ndani ya nyumba hiyo mna kompyuta nyingi, zimepangwa kwenye rafu toka chini mpaka juu. Hazina kioo cha kutazamia. Hazina vitufe vya kuandikia. Kazi yao ni kutunza na kuhesabu, usiku na mchana. Kila moja huitwa seva.

"Sasa kwa nini wanaiita wingu?"

Aa, umeuliza vema. Zamani mafundi walikuwa wakichora njia za simu na za kompyuta. Sehemu ambayo hawakutaka kuichora yote, waliifunika kwa umbo la wingu. Maana yake: huku ndani mna mambo mengi, usisumbuke nayo. Jina likabaki. Lakini wewe umesumbuka nayo, na mimi nimefurahi.

Umewahi kuingia nyumba ya jibini?

"Ndiyo, Jomba! Ile ya fromaji, kule mlimani. Ni baridi."

Vizuri. Basi shika nyumba hiyo kichwani, maana hadithi yangu inaanzia humo.

Palikuwa na wafugaji saba wa ukoo mmoja. Kila mmoja alikuwa na kibanda chake cha jibini. Ng'ombe wa yule wa kwanza walitoa maziwa mengi, kibanda kikajaa, jibini nyingine akazilaza mlangoni. Ng'ombe wa yule wa pili walipungukiwa maziwa. Kibanda chake kilikuwa na jibini mbili tu, na panya walicheza ngoma katikati. Hata hivyo, kila kibanda kilitaka mlinzi. Kila kibanda kilitaka paa. Vibanda saba, walinzi saba, paa saba.

Kampuni nyingi ziliishi hivyo na kompyuta zao. Seva ya mishahara, peke yake. Seva ya barua, peke yake. Seva ya hesabu za duka, peke yake. Moja imeelemewa, nyingine inakula umeme na kusinzia.

Bibi mkubwa wa ukoo akachoka na mambo hayo. Akawaita wote uani. Akasema: "Jengeni nyumba moja. Rafu ni za ukoo. Anayehitaji atapewa. Aliyemaliza atarudisha."

Wakajenga. Juu ya rafu wakaweka mbao za kusogeza. Leo ubao unasogezwa huku, nafasi ya jibini kumi ni yako. Kesho unasogezwa kule, nafasi ni ya ndugu yako. Na kila mmoja akiingia anaona sehemu yake tu, kana kwamba bado ana kibanda chake.

"Na kwenye kompyuta, ubao ni nini?"

Ubao ni programu. Inaigawa seva moja kubwa, ikawa kama seva nyingi ndogo. Hizo ndogo huitwa mashine pepe. Huwezi kuzishika kwa mkono, lakini kila moja inafanya kazi yake na haichungulii ya jirani. Nyumba ya namna hii, ya ukoo mmoja, rafu zake zinagawiwa kwa wenyewe tu, ndiyo huitwa wingu binafsi.

"Wingu binafsi," akarudia polepole. "Nyumba ya jibini ya ukoo."

Ndiyo hiyo hiyo.

Sasa sikiliza. Jibini haitaki kulala upande mmoja. Lazima igeuzwe kila siku, la sivyo upande wa chini unaoza. Vibanda vilipokuwa saba, kila mtu aligeuza zake. Nyumba ilipokuwa moja, jibini zilikuwa mia tano. Nani atazigeuza zote?

Bibi akaletewa kijana wa ajabu. Hali, halali, hachoki. Lakini ana jambo moja: hufanya yale tu aliyoandikiwa. Bibi akamwandikia: "Kila jogoo akiwika, geuza jibini zote."

Siku ya kwanza, jogoo akawika, kijana akageuza. Siku ya pili, jogoo akawika, kijana akageuza. Bibi akalala usingizi mtamu.

Siku ya tatu wakaja wageni kutoka Walikale. Walileta zawadi: jogoo watatu wakubwa wa msituni. Usiku wa manane mmoja akawika. Wa pili akamjibu. Wa tatu hakukubali kushindwa. Wa nyumbani naye akaona aibu kunyamaza. Kokorikoo! Kijana akageuza. Kokorikoo! Kijana akageuza. Kokorikoo! Kijana akageuza. Kulipopambazuka, jibini zilikuwa zimevunjika kingo. Nyingine zilikuwa zimeviringika hadi mlangoni.

Watoto wakacheka mpaka viazi vikawaanguka.

"Kijana alikosea, Jomba?"

Hapana. Kijana alitii. Lililokosea ni agizo.

Bibi hakumfukuza. Alikaa chini, akafikiri, akaandika upya: "Kila siku, kila jibini iwe imegeuzwa mara moja. Itazame kwanza. Ikiwa imekwisha kugeuzwa leo, iache." Kisha akalijaribu agizo hilo kwenye jibini tatu, kabla ya kumkabidhi nyumba nzima. Tangu hapo hata wangewika jogoo mia, jibini zisingevunjika tena.

Kijana yule ndiye uendeshaji otomatiki. Ndani ya kituo cha data yeye ni programu, na maagizo yake yameandikwa na mafundi. Anatazama: seva ngapi zinafanya kazi? Kazi imezidi? Anaongeza mashine pepe. Kazi imepungua? Anaziondoa, rafu ibaki wazi. Seva moja imekufa? Anahamisha kazi yake kwenye seva nzima, kisha anampigia fundi kengele. Zamani mtu aliyetaka seva aliandika barua, akasubiri wiki kadhaa. Sasa anaomba, na baada ya dakika chache anapewa.

"Na fundi anafanya nini, ikiwa kijana anafanya yote?"

Zamani fundi alibeba na kugeuza. Siku hizi anaandika maagizo na kuyapima. Ni kazi ngumu zaidi, maana kijana mwepesi akipewa agizo baya, huharibu jibini mia tano kwa usiku mmoja.

Mpwa wangu mkubwa alikuwa kimya muda wote. Huyu huwa anafikiri kwanza. Sasa akauliza:

"Lakini Jomba, kijana wa kabine hana ukoo wenye nyumba. Picha zake ziko wapi?"

Umemkamata swala kwa pembe. Picha zake ziko sokoni.

Kuna matajiri wa dunia waliojenga nyumba kubwa mno. Rafu zao wanazikodisha kwa kila mtu. Wewe huna haja ya kujenga, wala kuezeka, wala kulipa mlinzi. Unalipa rafu uliyotumia, basi. Mwenye jibini mbili, kwa nini ajenge nyumba? Akodi tu. Hilo ndilo wingu la umma. Lakini kumbuka: ufunguo uko kwa tajiri. Bei anaipanga yeye. Na barabara ya kufika kwake ni ndefu.

Ninyi mnaijua barabara. Mvua ikinyesha kati ya hapa na Walikale, lori linazama topeni. Dereva anapika bugali kando ya gurudumu, anasubiri. Samaki waliomo ndani hawasubiri. Data nayo ina barabara. Inatoka kwenye simu kwa mawimbi mpaka mnarani. Toka mnarani inakwenda kwa mawimbi mengine au kwa nyuzi za kioo. Barabara ikikatika, rafu yako iko salama huko mbali, lakini wewe huifikii.

Nitawapa mfano wa kweli. Mwaka wa 2007, Wakenya walianza kutumiana pesa kwa simu kwa njia ya M-Pesa, ile ambayo hata sisi Kongo tuliipata miaka mitano baadaye. Mama yuko Kisumu, anamtumia mwanawe aliye Mombasa. Mnajua kwa miaka kadhaa hesabu ya pesa hiyo ilifanyikia wapi? Ujerumani!

"Ujerumani? Na wote wawili wako Kenya?"

Wote wawili wako Kenya. Seva zilikuwa Ujerumani. Agizo la mama lilivuka bahari, likahesabiwa kule, likarudi. Na baadaye, kila siku, mara milioni kadhaa. Mwaka wa 2015 kampuni ya Safaricom ikazihamishia seva hizo Kenya. Safari ikafupika. Na ufunguo ukakaa nyumbani.

Kwa hiyo msiulize kukodi ni kubaya au kujenga ni kuzuri. Benki inayotunza akiba za watu hupenda nyumba yake, ufunguo mfukoni. Mwenye duka dogo hukodi. Wengine huchanganya: jibini za sherehe wanazikodia rafu sokoni, jibini za akiba zinabaki nyumbani.

Moto ulikuwa umepungua. Nikasogeza kuni. Mpwa wangu mdogo akaunyoshea moto mikono.

Hebu niambie, mwanangu. Simu ya mama yako ikicheza filamu muda mrefu, mgongo wake unakuwaje?

"Unachemka!"

Sasa fikiri simu elfu kumi ndani ya chumba kimoja, na zote zinacheza filamu. Ndivyo kituo cha data kilivyo. Kinakula umeme kwa ajili ya kuhesabu, kisha kinakula umeme mwingine kwa ajili ya kujipoza. Nyumba ya jibini inataka baridi, na nyumba ya wingu pia inataka baridi. Umeme ukikosekana, jenereta inanguruma. Jenereta ikikosa mafuta, wingu linazimika kama moto huu.

"Na sisi huku tuna umeme wa kulisha nyumba hiyo?"

Tuna mito. Kule Rutshuru, kwenye kituo cha Matebe, maji yanazungusha mashine tangu mwaka wa 2015, na umeme wake umefika hadi Goma. Na kule Lubero, karibu na kituo cha umeme wa maji cha Luviro, Hifadhi ya Virunga iliweka makontena yaliyojaa kompyuta mwaka wa 2020. Hazikuwa za kutunza picha zenu wala alama zenu. Kazi yao ilikuwa kutafuta Bitcoin, pesa zinazoishi ndani ya kompyuta tu. Lakini mmeelewa jambo? Mto wa Kivu ya Kaskazini unaweza kulisha nyumba ya kompyuta. Jambo hilo limekwisha kuonekana kwa macho.

Na kuna kitu kingine chetu ambacho kiko tayari ndani ya wingu. Kiko humo miaka mingi. Nyamazeni kidogo. Kinataka kusema.

"Mimi ni punje nyeusi. Nilizaliwa Rubaya, hapa hapa Masisi. Mtu alinichimba kwa sururu na koleo, akaniosha kwa maji, akanitia gunia. Watu huniita koltani. Nilishuka mlima, nikavuka mipaka, nikavuka bahari. Kiwandani walitoa ndani yangu metali iitwayo tantalamu. Mimi si mwepesi wa kuyeyuka. Huniyeyushi mpaka ufike joto la nyuzi 3,000 na zaidi. Wakanifanya kikasha kidogo kama punje ya mchele, wakakiita kapasita. Wakanipachika kwenye ubao wa kompyuta, na kompyuta ikaingia kwenye nyumba ile mnayoiita wingu."

"Unafanya nini humo?" akanong'ona mpwa wangu mdogo.

"Mimi ni kibuyu. Umeme ukipita, ninachota kidogo, ninauweka tumboni. Ukiyumba, ninautoa, njia itulie. Na katika diski nyingi za seva nina kazi moja kubwa kuliko zote. Siku umeme ukikatika ghafla, diski ikiwa katikati ya kuandika, mimi ndiye ninayetoa ule umeme niliouweka. Diski inamaliza mstari wake. Jina la mtu haliandikwi nusu. Pesa ya mama haipotei njiani. Muda wenyewe ni mfupi, kama kupepesa jicho. Lakini unatosha."

Watoto wakatazamana.

"Na siko peke yangu," punje ikaendelea. "Ndugu yangu anatoka Bisie, msituni Walikale. Jina lake kasiteriti. Ndani yake mna bati. Yeye ni mwepesi: nyuzi 232 tu, amekwisha kuyeyuka. Ndiyo maana mafundi humpenda kwa kuunganisha. Yeye ndiye anayenishika nisianguke kwenye ubao. Sasa pale kwao kuna mgodi mkubwa wa mashine. Lakini miaka ya nyuma wabebaji walimtoa Bisie kwa miguu, gunia la kilo 50 mgongoni, msituni siku mbili. Kisha ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya magari, pale Kilambo, zikamchukua hadi Goma. Masisi na Walikale, tunakutana tena ndani ya wingu. Yeye ananishika, mimi ninashikilia umeme."

Punje ikanyamaza.

Wataalamu hukadiria kwamba Rubaya peke yake hutoa karibu asilimia 15 ya tantalamu ya dunia nzima. Ni kama kusema, ukihesabu vibuyu vile mia moja, karibu kumi na vitano vimetoka vilima vya Rubaya, tena vilima vya kwetu.

Mpwa wangu mkubwa akainua kichwa. Uso wake haukuwa na kicheko.

"Jomba. Jiwe ni letu. Mbona nyumba iko mbali?"

Nilikawia kumjibu. Swali kama hilo halijibiwi huku unatafuna kiazi.

Mwanangu, nyumba ile haijengwi kwa jiwe tu. Inataka jiwe, inataka umeme, inataka barabara, inataka fundi, na inataka amani. Jiwe tunalo, ingawa anayelichimba hulipwa kidogo, na mara nyingine mlima humporomokea. Umeme tunao, lakini haujafika kila kijiji. Barabara mmeiona. Amani… ninyi wenyewe mmekimbia mara ngapi?

"Mara tatu," akasema mdogo, akionyesha vidole.

Mara tatu. Na siku ya kukimbia, bibi yenu alibeba nini?

"Mbegu za maharage!"

Mbegu za maharage. Na hakubeba zote. Nusu alikuwa amekwisha kumpa dada yake, ng'ambo ya mlima, tangu mavuno. Alijua kwamba moto ukila ghala moja, ghala la pili litabaki. Tuliporudi tulipanda mbegu zilizotoka kwa dada yake. Bibi yenu hajawahi kugusa kompyuta, lakini jambo hilo mafundi wa wingu wanalifanya kila siku. Wanaliita nakala rudufu. Data moja, nyumba mbili, mbali mbali. Na yule kijana asiyelala ndiye anayeipeleka nakala kila usiku, mtu asije akasahau.

Mimi ninajua shule moja ambayo madaftari yake yaliungua. Watoto walikuwa wamefaulu, lakini hapakuwa na karatasi ya kuonyesha. Karatasi haina miguu ya kukimbilia. Kama alama zile zingekuwa na nakala mjini, moto ungekula meza na madawati, usingekula miaka ya watoto.

"Basi tuweke majina yote kwenye wingu!"

Polepole, mwanangu. Orodha ya majina ni kitu kizito. Inasema nani anakaa wapi, nani ana ng'ombe wangapi, nani ni mtoto wa nani. Mikononi mwa mwalimu, inakusaidia. Mikononi mwa mwenye bunduki, inamwonyesha mlango wako. Ndiyo maana nimewaambia tangu mwanzo kwamba mlango una ufunguo.

Mdogo akafikiri. Akahesabu kwa vidole vile vile vitatu.

"Kwa hiyo kijana wa kabine nikimwona kesho, nitamuuliza: nyumba ya wingu lako iko wapi? Nani ana ufunguo? Na nakala ya pili iko kwa dada wa nani?"

Nikacheka mpaka machozi. Muulize, mwanangu. Asipojua, mwambie na yeye akaulize. Na siku utakapojenga nyumba hiyo wewe mwenyewe, usisahau kuandika vizuri agizo la jogoo.

Moto ukazimika. Uani pakawa giza. Mawingu ya kweli yalikuwa yameteremka zaidi, na matone ya kwanza yakaanza kugonga bati la paa.

Nikasikia kimya cha ajabu. "Mbona hupumui?" nikamuuliza mpwa wangu mdogo.

Akaachia pumzi yote kwa mpigo.

"Umeme umekatika, Jomba. Nilikuwa nashikilia kidogo, mpaka umalize kusema."